Macho yaliyolala ndani ya mgomba

Mgomba wa makemba hauna mbegu. Kila seli yake imebeba seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na tatu haigawanyiki sawasawa pale ua linapotaka kutunga mbegu. Kwa hiyo mashamba ya ndizi hizi za kupika ya Yanonge, kando ya mto Kongo kiasi cha kilomita 60 chini ya Kisangani, yote yametokana na machipukizi. Mtoto hutengwa na mama, akapandwa, naye akazaa wa kwake. Lituma ya makemba inayopondwa leo jioni inatokana na seli ambazo zimekuwa zikigawanyika bila kukatika tangu mababu walipopokea chipukizi la kwanza.

Shida ni uchache. Makemba, jamii moja na ile ndizi ambayo Watanzania huiita mkono wa tembo, hutoa watoto wachache kuliko migomba mingine mingi. Anayetaka kupanua shamba huomba miche kwa jirani au huinunua, na mara nyingi hupewa pamoja nayo fukusi na minyoo ya mizizi. Dawa ya uchache huo imo ndani ya mgomba wenyewe, na sayansi ya seli ndiyo iliyoonyesha namna ya kuitoa.

Lile gogo refu tunaloliona si shina, ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina halisi liko chini: tunguu nene, jeupe kwa ndani. Kila jani lililoota juu yake liliacha jicho kwenye kwapa lake. Katikati ya kilele cha tunguu kuna kundi dogo la seli changa, liitwalo meristemu. Seli hizo bado hazijachagua kazi. Si jani, si mzizi, si ua. Hugawanyika tu: baadhi hubaki changa, nyingine huenda kujenga mwili wa mmea. Kutoka kileleni hushuka homoni ya oksini, nayo ndiyo inayoyazuia macho ya chini yasiamke.

Ukikiharibu kilele, kizuizi hicho kinakoma. Ndiyo siri ya njia ambayo mtafiti wa Kameruni, Moïse Kwa, aliichapisha mwaka 2003, na ambayo sasa inafundishwa katika nchi nyingi za Afrika. Chipukizi hung'olewa, likamenywa mpaka tunguu libaki jeupe bila mzizi wala doa la fukusi. Maganda huondolewa moja moja, kila moja likikatwa milimita chache juu ya pale lilipoanzia, ili jicho lisidhurike. Kisha kilele hupasuliwa kwa mkato wa msalaba. Tunguu huachwa kivulini siku mbili likauke jeraha, ndipo linafukiwa katika vumbi la mbao lenye unyevu, chini ya karatasi ya plastiki inayohifadhi joto. Baada ya wiki mbili au tatu macho huanza kutokeza. Vichipukizi hivyo navyo hukatwa na kupasuliwa, na kila kimoja huzaa vingine. Tunguu moja huweza kutoa makumi ya miche ndani ya miezi minne hivi.

Kisu kikipita, seli zilizokatwa hufa na kukauka. Zilizo jirani yake hutengeneza utando mgumu unaozuia maji kutoka na vijidudu kuingia. Za ndani zaidi hufanya jambo ambalo kwa wanyama ni nadra: seli iliyokwisha kuwa na kazi yake huiacha, ikarudi ujana, ikaanza kugawanyika upya. Uwezo huo ulifikiriwa mapema: mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria alidai kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kujenga mmea mzima. Mwaka 1958 Frederick Steward, huko Marekani, alionyesha kwamba mimea mizima ya karoti inaweza kukuzwa kutokana na seli zilizolelewa katika maji yenye virutubishi.

Kwa ndizi, hatua kubwa ilipigwa na mtoto wa Kongo. Benoît Dhed'a Djailo, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Kisangani, alifanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1991 yeye na wenzake walichapisha jinsi walivyozilea seli za ndizi aina ya Bluggoe ndani ya chupa za maji yanayotikiswa, wakapata viinitete, na kutoka viinitete hivyo migomba kamili. Kati ya wenzake hao alikuwamo Edmond De Langhe, aliyekuwa amechunguza aina za makemba katika kituo cha Yangambi, jirani ya Yanonge kwenye mto huohuo. Leo watafiti wanaotafuta migomba inayostahimili magonjwa, hata Nairobi, hutegemea ukuzaji wa seli wa namna hiyo.

Lakini seli haichagui inachonakili. Mwaka 1958, uleule wa karoti za Steward, kituo cha Yangambi kiliripoti ugonjwa wa virusi unaofanya majani ya mgomba kuwa mafupi, yaliyosimama wima na kusongamana kileleni. Virusi hivyo huenezwa na vidukari weusi, na huingia katika seli na kutumia mitambo yake ya kunakili chembe za urithi. Mama akiwa navyo, watoto wake huzaliwa navyo. Kumenya tunguu huondoa fukusi na minyoo, virusi hakuviondoi. Anayezalisha miche kutoka kwa mama mgonjwa anauzidisha ugonjwa kwa kasi ileile ya miche.

Basi ndugu mkulima, kabla ya kushika kisu, zunguka shambani. Tazama shingo za majani na uti wake wa kati: ukiona vistari na vitone vya kijani kilichokoza, usichukue chipukizi hapo, wala usimpe jirani. Ung'oe mgomba huo mzima pamoja na tunguu na watoto wake, kisha uuangamize. Chagua mama mwenye afya na mkungu mzuri. Na wenye dhamana ya kilimo katika jimbo letu la Tshopo wasaidie maabara za Kisangani na Yangambi kupima na kutoa miche safi, kwa kuwa mtoto wa Kongo alichangia ujuzi huu, na wa kwanza kunufaika nao wanapaswa kuwa watu wa mto huu.