Udi wa Babu Hautaki Mafuta

Katika baadhi ya nyumba za mwambao wetu kungali udi ulioachwa na mzee, umetundikwa ukutani miaka na miaka. Siku moja kijana huutungua, akakuta vigingi vya kukazia nyuzi vimekwama, naye kwa nia njema akavitia mafuta ya nazi. Kuanzia hapo uzi haukai: akiukaza, hulegea.

Khitilafu ya wanazuoni juu ya ala za nyuzi yajulikana, wala siyo mada yetu leo. Tulisemalo ni kwamba kilichorithiwa ni amana, na kuiharibu mali kwa kutojua ni hasara ambayo dini yetu haiiridhii.

Kigingi cha udi hakina meno wala chuma. Ni mti uliochongwa ukapungua unene kuelekea nchani, ukapenya matundu mawili ya kichwa cha udi. Kinachouzuia uzi usilegee ni msuguano wa mti kwa mti, basi. Hivyo kigingi chataka mawili yanayopingana: kiteleze kinapozungushwa, na kishike kinapoachwa. Mafuta huleta la kwanza na kuliua la pili. Tena mti huyanywa, na kuyatoa ni kazi ngumu. Hewa yetu nayo ina sehemu yake. Wakati wa masika mti huvimba kwa unyevu, kigingi kikakwama; ukija ukavu husinyaa, kikateleza.

Dawa yake ni sabuni kavu ya kipande na chaki nyeupe. Udi wa kawaida una nyuzi 11, na kila uzi una kigingi chake. Tushughulikie kimoja kimoja, tusizilegeze nyuzi zote kwa pamoja. Tukitoe kigingi, tukifute kwa kitambaa kikavu, tutazame pale palipong'aa kwa kusuguana na tundu. Hapo tupake sabuni kidogo, kisha chaki juu yake, tukirudishe na kukizungusha mara kadhaa huku tukikisukuma ndani. Kikikwama, tuongeze sabuni. Kikiteleza, tuongeze chaki. Kisiposhika kabisa, huenda tundu limepanuka, na hiyo ni kazi ya fundi: alizibe, alitoboe upya.

Gitaa ni jambo jingine. Lile lina meno ya chuma, na hewa ya bahari huyatia kutu. Yakiwa wazi, tuyafute vumbi kwa brashi kavu, kisha tutie tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti pale meno yanapokutana, na tufute yanayozidi yasifike kwenye mti. Yaliyofunikwa hutiwa grisi kiwandani, tuyaache.

Wazazi, kabla kijana hajashika chupa ya mafuta, mwonyesheni kigingi na tundu lake, ajue kila kimoja kinafanya kazi gani. Kuifanya kazi kwa utimilifu huanza na kukijua kitu kilivyoumbwa.

Wabillahi tawfiq.