Mbinu za Kutathmini Uthabiti wa Miteremko ya Miamba: Mfano wa Ukanda wa Reli wa Pugu–Soga

1.0 Utangulizi

Soga, wilayani Kibaha, ni kituo cha reli kilichopo baina ya Pugu na Ruvu. Hupitiwa na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, na pia na reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 na kusanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Mashariki yake, upande wa Kisarawe, vimo vilima vya Pugu vyenye mawemchanga yaliyochanganyika na kaolini. Kwa kuwa treni ya mwendo huo haisimami kwa masafa mafupi, mporomoko mdogo tu waweza kuleta maafa. Makala haya yanaeleza mbinu tatu za tathmini na kutetea hoja kwamba mbinu iteuliwe kwa kuzingatia hali ya mwamba na maji.

2.0 Mbinu

2.1 Uchambuzi wa kijiometri. Mtafiti hupima mwelekeo na mwinamo wa nyufa. Bamba la mwamba laweza kuteleza iwapo ufa umeinama kuelekea upande ulio wazi, kwa pembe ndogo kuliko ya mteremko lakini kubwa kuliko ya msuguano. Mbinu hii haizingatii mshikamano wala shinikizo la maji.

2.2 Mfumo wa alama. Bieniawski alibuni RMR mwaka 1973. Romana akaurekebisha kwa ajili ya miteremko mwaka 1985:

SMR = RMR + (F1 × F2 × F3) + F4

F1 hadi F3 huhusu uhusiano wa ufa na mteremko. F4 huhusu namna mteremko ulivyochimbwa.

2.3 Ulinganifu wa nguvu. Kigezo cha usalama ni uwiano wa nguvu zinazozuia na zinazosukuma. Tuchukue mfano wa kinadharia: ufa wenye mwinamo wa nyuzi 30, msuguano wa nyuzi 35, usio na mshikamano. Ukiwa mkavu, kigezo ni 1.21. Maji yakiondoa robo ya mgandamizo juu ya ufa, hushuka hadi 0.91, yaani chini ya 1, na bamba huteleza.

3.0 Mjadala

Katika RMR, ugumu wa mwamba hupewa alama zisizozidi 15 kati ya 100, ilhali nafasi baina ya nyufa hupewa hadi 20. Hivyo mawemchanga laini yenye nyufa chache yaweza kupata alama za kuridhisha, ingawa huweza kukatika ndani kwa ndani, mithili ya udongo. Uchambuzi wa kijiometri nao hauoni hatari hiyo, kwa kuwa hutazama nyufa pekee.

4.0 Hitimisho

Kwa miamba ya aina hii, mbinu mbili za kwanza zitumike kuchuja maeneo tu. Uamuzi wa mwisho utokane na ulinganifu wa nguvu, unaojumuisha mkatiko wa mviringo na kutumia sampuli zilizopimwa zikiwa zimelowa. Aidha, vipimo vya maji vichukuliwe wakati wa masika. Mteremko uliopimwa kiangazi pekee haujatathminiwa.