Deki za kuvuta nyimbo kwenye kompyuta: Soko lipo Tarime na Mugumu, lakini ni jembamba

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya muziki katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanaweza kupata faida kutokana na deki zinazopokea nyimbo moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani. Hata hivyo, mwenye duka atakayejaza rafu bila kujua mteja wake anahitaji nini anaweza kukwamisha mtaji kwenye mali isiyotoka.

Deki hizo ni za kawaida za kupigia diski, isipokuwa zina sehemu ya kuunganishwa na mtandao wa nyumbani, kwa waya au bila waya. Mwenye nyumba huhifadhi nyimbo zake kwenye kompyuta, kompyuta huzituma kupitia ruta, na deki huzipokea na kuzipiga kwenye sabufa iliyopo sebuleni. Hakuna diski ya kubadilisha, wala flashi ya kuchomeka na kuchomoa kila mara.

BANDO HALILIWI

Jambo ambalo muuzaji anapaswa kuwa wa kwanza kumweleza mteja ni kwamba nyimbo zikishakuwemo ndani ya kompyuta, safari ya kutoka chumbani hadi sebuleni haipiti kwenye mnara wa simu. Ruta hutumika kama njia panda tu. Hata isipokuwa na laini wala bando, muziki unapigwa. Kwa mkazi wa Sirari, Nyamongo au Natta anayenunua bando kwa kupimapima, maelezo hayo ndiyo yanayoweza kumfanya atoe fedha mfukoni.

Hali ni tofauti kwa anayesikiliza kupitia huduma za intaneti, kama vile Spotify iliyofunguliwa nchini mwaka 2021. Huko bando hutumika. Aidha, nyimbo zinazopakuliwa ndani ya huduma hiyo hufungwa, na haziwezi kutumwa kwenye deki kama faili za kawaida. Mteja asipoelezwa hilo mapema, deki itarudishwa dukani kwa madai kuwa ni mbovu.

MSHINDANI NI FLASHI

Mshindani mkubwa wa biashara hii ni flashi. Wimbo wa dakika 4 katika mfumo wa MP3, kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti 4. Hivyo CD ya megabaiti 700 hubeba nyimbo zipatazo 170 za aina hiyo, na flashi ya gigabaiti 8 hubeba karibu 2,000. Mwenye sabufa moja na flashi moja hana sababu kubwa ya kununua deki ya mtandao.

Kwa sababu hiyo, soko lililobaki ni jembamba lakini linaeleweka. Mnunuzi ni mwenye kompyuta tayari, mwenye vyumba zaidi ya kimoja vya kupigia muziki, na mwenye mkusanyiko mkubwa wa nyimbo anazotaka kuziweka mahali pamoja. Miongoni mwao wamo wanaotunza nyimbo za ritungu, zeze la nyuzi nane la Wakurya. Mwenye rekodi za namna hiyo akizihifadhi kwenye kompyuta, na nakala nyingine kando, anaweza kuzisikiliza sebuleni bila kuchakaza diski yake ya asili.

GEUZA DEKI, TAZAMA NYUMA

Kwa anayenunua mali ya jumla, kosa la kawaida ni kudhani kuwa tundu la USB ni tundu la mtandao. La USB ni la flashi. Deki ya mtandao huwa na tundu la waya wa ruta, au maandishi ya Wi-Fi kwenye kifaa chenyewe, na si kwenye boksi pekee.

Alama nyingine ya kutafuta ni DLNA. Huo ni utaratibu wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2003 na kampuni kadhaa, zikiwamo Sony na Intel, ili vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kupokezana muziki na picha. Umoja huo ulivunjwa mwaka 2017, lakini vifaa vinavyofuata utaratibu wake vinaendelea kufanya kazi.

Umuhimu wa utaratibu wa wazi unaonekana katika yaliyowapata wanunuzi wa vifaa vya Squeezebox, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupokea muziki kutoka kwenye kompyuta. Logitech iliinunua kampuni iliyovibuni, Slim Devices, mwaka 2006. Mwaka 2012 ikaachana navyo, na mwaka 2024 ikafunga huduma yake ya mtandaoni iliyokuwa ikivihudumia. Vifaa hivyo havikufa, kwa kuwa programu ya kutuma nyimbo ilikuwa kwenye kompyuta za wateja wenyewe, nayo ni ya wazi, na sasa inaendelezwa kwa jina la Lyrion. Kama uhai wake wote ungetegemea huduma ya mtengenezaji, wateja wangebaki na maboksi matupu.

MZIGO WA SIRARI

Ukaribu wa mpaka huwavutia wengi kununua vifaa upande wa Kenya. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, cheti rahisi cha uasili kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Deki iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kuwa imenunuliwa Migori. Anayepiga hesabu ya faida bila kuulizia ushuru wake forodhani Sirari anajidanganya.

Pili, anayenunua kwa shilingi ya Kenya na kuuza kwa shilingi ya Tanzania hubeba hatari ya mabadiliko ya thamani ya fedha. Mali ikikaa rafuni miezi mingi, faida iliyoonekana siku ya kununua inaweza kuwa imeliwa siku ya kuagiza mzigo mwingine.

NYUMBANI SI BAA

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoweka msingi wa COSOTA. Kumfungia mteja deki nyumbani kwake ni kazi halali ya fundi. Kumuuzia kompyuta iliyojazwa maelfu ya nyimbo za watu bila ruhusa ya wenye haki ni jambo jingine, nalo linaweza kumfikisha muuzaji mahakamani. Vilevile mwenye baa, hoteli au nyumba ya wageni mjini Mugumu anayepiga muziki kwa wateja anahitaji leseni, hata kama nyimbo zote zinatoka kwenye kompyuta yake mwenyewe.

USHAURI KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Kutokana na hali hiyo, njia yenye usalama ni kuanza na deki moja ya maonyesho, ruta moja na kompyuta ya dukani, ili mteja asikie kwa masikio yake kabla ya kulipa. Ruta kuukuu inatosha, kwa kuwa muziki wa MP3 ni mzigo mwepesi. Nyingine ziletwe kwa oda, mteja akiwa ametanguliza sehemu ya fedha. Ada ya kufunga na kuelekeza ihesabiwe kando, kwani fundi anayejua kazi ataitwa tena hata na aliyenunua deki kwingine.

Wanaoulizia waandikwe, pamoja na wanaoondoka bila kununua na sababu zao. Baada ya miezi mitatu hesabu hiyo itaonyesha kama rafu iongezwe au ibaki ya sabufa na flashi. Mali bila daftari hupotea bila habari.