Redio, igizo na ndiva: sayansi inapotoka ubaoni

Mwalimu wa darasa la tano anaandika ubaoni: uvukizi ni maji kugeuka kuwa mvuke. Wanafunzi wananakili. Siku ya mtihani wanairudia sentensi hiyohiyo na kupata alama. Lakini muulize mmoja wao kwa nini shati lililoanikwa Same, kule chini kwenye joto, hukauka upesi kuliko lililoanikwa Kighare, huku juu milimani. Anaweza kukosa la kusema. Sentensi anayo, maelezo hana.

Katika makala haya tunaangalia jinsi redio, igizo na kazi za mikono zinavyoweza kuziba pengo hilo, na pale zinapoweza kupotosha.

Kusikiliza peke yake hakutoshi

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, masomo yalihamia redioni na kwenye televisheni mpaka wanafunzi waliporudi madarasani mwezi Juni. Sisi watu wa redio tunaujua udhaifu wa kazi yetu: mtangazaji haoni uso wa mtoto aliyepotea njia katikati ya somo.

Dawa yake imeshajaribiwa. Zanzibar, vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo viliandaliwa kwa namna ambayo sauti ya redioni inauliza, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu, kisha wanaimba au wanacheza wakiwa na mtu mzima wa kuwaongoza. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, nayo hutumia hadithi na nyimbo kufundisha hisabati na sayansi.

Darasani mwalimu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kipindi chochote. Akirekodi kwenye simu yake na kuwachezea wanafunzi kwa spika ndogo, si lazima redio ishike vizuri saa ya somo. Kabla ya kusikiliza, kila mwanafunzi aandike anachodhani kitakuwa jibu. Katikati, mwalimu asimamishe na kuuliza: nini kitafuata? Mwishoni warudie walichoandika mwanzo na kusema kipi wamekibadilisha, na kwa nini.

Ndiva ni maabara

Shule nyingi hazina maabara, lakini Upare una ndiva: bwawa dogo linalokinga maji ya kijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa mifereji. Wazee waliopanga zamu za maji walikuwa wakifanya hesabu, hata kama hawakuiandika.

Wanafunzi wanaweza kuipima hesabu hiyo, wakiwa na mtu mzima karibu. Maji yanayoingia yaelekezwe kwenye kipande cha bomba, chini yake iwekwe ndoo ya lita 20, na mmoja ahesabu sekunde. Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 10. Hizo ni lita 2 kila sekunde. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi kuna sekunde 43,200, kwa hiyo ndiva itapokea lita 86,400. Je, asubuhi zote zitakuwepo? Hapo ndipo uvukizi na maji yanayonywewa na udongo huacha kuwa maneno ya ubaoni.

Baada ya kupima, watengeneze kipindi chao cha dakika mbili: mmoja mtangazaji, mwingine mtaalamu, mwingine mkulima anayelalamika kwamba zamu yake imepunjwa. Anayejibu malalamiko hayo kwa tarakimu ameelewa somo.

Igizo nalo hudanganya

Tuchukue somo la mvua. Wanafunzi wanaigiza upepo kutoka Bahari ya Hindi, wamebeba vipande vya karatasi kama mvuke. Wanapanda ngazi, wanaangusha karatasi, wanashuka upande wa pili mikono mitupu. Ndivyo Same ilivyo kavu: iko upande wa pili wa mlima, upepo unafika ukiwa umeshaacha mvua nyuma.

Igizo ni zuri, lakini mtoto anaweza kuondoka akiamini kwamba upepo uliangusha maji kwa sababu ulichoka kupanda. Mwalimu asimamishe mchezo na kueleza: hewa inapopanda hutanuka na kupoa, na mvuke uliomo hugeuka matone. Hali ni hiyo hiyo kwa wimbo. Kosa lililoimbwa vizuri ni gumu kuling'oa.

Swali la Magamba

Mwaka 1963, katika milima jirani ya Usambara, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba. Wakitengeneza aiskrimu, aliweka maziwa yake kwenye jokofu yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza mgeni wa shule, mwanafizikia Denis Osborne kutoka Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo. Wanasayansi bado wanabishana juu yake, na jambo lenyewe linaitwa kwa jina la Mpemba.

Swali lile lilizaliwa kwenye aiskrimu. Lilipona kwa sababu mtu mzima mmoja alikubali kulijaribu.

Kwa watoto wa shule za msingi za serikali kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Sayansi wanajifunza kwa Kiswahili, halafu wakifika kidato cha kwanza lugha inageuka Kiingereza, na wengi hunyamaza. Mtoto aliyepima maji ya ndiva mwenyewe ana jambo la kusema, na maneno mapya yatapata pa kushika. Aliyekariri sentensi ya ubaoni ataanza upya.

Kwa hiyo mwalimu, wiki hii chagua somo moja tu. Tafuta ndoo na saa, na simu yako iwe tayari kurekodi. Kisha waache watoto wakueleze wewe.