Kungwi na Shehe

Anayeusoma Uislamu wa pwani katika vitabu vya fikihi peke yake anapata nusu ya habari. Nusu nyingine imo ndani, mlango umefungwa, wanaume wametimuliwa, msondo unalia. Humo, unyagoni, kungwi anamfunda mwari: kuoga hedhi na janaba, kujifukiza udi, kuvaa shanga, kukata kiuno, kumjua mume aliyenuna na mume aliyechoka. Twahara ya ibada na mambo ya kitandani vinatoka kinywani mwa bibi mmoja, wala yeye haoni ajabu.

Unyago huu haukuja na majahazi kutoka Uarabuni. Margaret Strobel, aliyeandika historia ya wanawake wa Mombasa, na Laura Fair, aliyeichunguza Unguja, wanaonyesha kuwa mizizi yake ni kwa wanawake waliotoka bara, wengi wao wakiwa watumwa. Waungwana waliudharau, kisha wakaufuata. Baada ya sheria ya 1897 ya kuukomesha utumwa Unguja, binti wa ukoo mkubwa aliweza kufundwa na mjukuu wa mtumwa, na akamwita somo, yaani kungwi wake, maisha yake yote. Kwangu mimi, hayo ni mapinduzi makubwa, ingawa hayakupigiwa mizinga.

Mashehe wamegawanyika juu ya unyago. Wapo wanaoukemea kwa sababu ya ngoma na nyimbo zisizo na haya. Wengine hunyamaza, na wana sababu: fikihi yenyewe humpa mke haki kwenye unyumba, hata anaweza kumwendea kadhi kuomba ndoa ivunjwe ikiwa mume hawezi. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alikuwa kungwi mashuhuri Unguja, Mwislamu, na hakuona mgongano wowote.

Siku hizi mjini kazi hiyo ya kungwi imehamia kwenye kicheni pati. Somo hukodishwa, huzungumza jioni moja, kisha zawadi za masufuria hufunguliwa.

Kasoro ninayoiona mimi kwenye unyago ni nyingine kabisa. Mwari hufundwa kumridhisha mume. Bwana harusi hafundwi na mtu kumridhisha mke. Jandoni aliingia akiwa mtoto, na siku ya nikahi husikia nasaha fupi, aghalabu juu ya mahari na matumizi. Wanaoupiga vita unyago wangeanzia hapo.