Panya Ndani ya Mzinga

Paukwa! Pakawa.

Sikilizeni, wajukuu zangu wa Sapiwi. Panya aliingia mzingani kuiba asali, nyuki wakamuuma mpaka akafa. Kumtoa hawawezi, ni mzito mno. Wakimwacha ataoza, nyumba nzima inuke. Basi nyuki wakachukua utomvu walioukusanya mitini, wakauchanganya na nta, wakampaka panya mwili wote. Akakauka palepale bila kuoza.

Kisa nimekipamba, lakini kazi hiyo nyuki huifanya kweli. Wasichoweza kukitupa hukifunika, kikakaa.

Watu nao waliijua siri ya nta. Miaka kama 2,000 iliyopita, Wamisri walichanganya nta na rangi, wakachora nyuso za marehemu wao kwenye mbao nyembamba. Nyingi ya picha hizo zilipatikana Fayum, hukohuko Misri, na yale macho bado yanakutazama. Huku kwetu Usukumani, wacheza nyoka wa chama cha Bayeye walichora kuta za ndani ya nyumba zao. Mtafiti Hans Cory alitoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Lakini ukuta wa udongo ukibomoka, picha nayo huanguka. Nta ina subira zaidi.

Sasa tutengeneze picha yetu ya nta. Okoteni vizibo vya soda, nyuzi za gunia la pamba, kipande cha kanga kuukuu, mbegu, majani makavu. Tafuteni na ubao mkavu usiopakwa rangi, maana nta hushika pale inapoweza kupenya.

Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi, maji huchemka kwenye 100. Kwa hiyo kopo la nta halikai juu ya moto; hukaa ndani ya sufuria yenye maji. Nta ikizidi joto huwaka, basi mtu mzima awepo jikoni. Ukitaka nyeusi, tia unga wa mkaa. Ukitaka nyekundu, tia udongo mwekundu uliokauka na kuchekechwa.

Paka nta kwenye ubao. Pasha kijiko moto, kipitishe juu yake mpaka nta ing'ae na kulowa. Panga vitu vyako, paka tena, pitisha kijiko tena. Usiruke hatua hii: joto ndilo linaloshikanisha tabaka na tabaka. Bila hilo, nta itabanduka kama gome bovu. Wagiriki waliiita sanaa hii kwa neno lenye maana ya kuchoma ndani.

Mwisho, chukua kisu butu, kwangua taratibu. Kizibo kilichokuwa kimezama kitachungulia, na uzi wa gunia utaonekana kama mto unaopita chini ya ukungu.

Wiki zikipita, picha huota weupe juu. Usihuzunike. Ifute kwa kitambaa laini cha pamba, ile ile ya mashamba yetu. Itang'aa upya.