Utangulizi: Kuchagua Mashine ya Kujazia Risasi Upya

Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka. Bunduki ikishalia, linalobaki la kutumika tena ni ganda tu, na mara nyingi ndilo lenye gharama kuliko sehemu nyingine zote. Fani ninayokukaribisha imejengwa juu ya ganda hilo.

Nchini Marekani, wawindaji na walenga shabaha wamejaza maganda upya tangu karne ya 19. Fataki iliyobuniwa na Mwingereza Edward Boxer katika miaka ya 1860 iliwarahisishia kazi: ganda lake lina tundu moja katikati ya kitako, kwa hiyo pini hupita na kuisukuma nje fataki iliyolipuka. Ganda la mtindo wa Hiram Berdan, Mmarekani, lina vitundu pembeni, na kuitoa fataki yake ni taabu.

Hatua hazibadiliki. Unatoa fataki kuukuu, unarudisha ganda kwenye vipimo vyake kwa sababu limetanuka, unaweka fataki mpya, unatia baruti, unakaza kichwa. Mashine ya hatua moja hubeba kalibu moja, yaani kifaa kinachofanya hatua husika. Unapitisha maganda yote, tuseme 50, katika hatua ya kwanza, kisha unabadilisha kalibu na kuanza upya. Mashine ya mfululizo ina sahani inayozunguka, na kila ganda liko katika hatua yake. Sahani ikijaa, kila unapovuta mkono wa mashine hudondoka risasi moja kamili, hata mamia kwa saa.

Wengi huzilinganisha mashine hizi kwa kasi. Mimi nakuomba uzilinganishe kwa kile ambacho jicho linapata nafasi ya kukikagua. Kwenye hatua moja, maganda yaliyotiwa baruti husimama wazi kwenye trei. Ukiyamulika kwa taa, lililokosa baruti na lililotiwa mara mbili yataonekana. Makosa hayo si madogo. Risasi isiyo na baruti huweza kukwamisha kichwa ndani ya mtutu, na inayofuata ikaupasua. Baruti maradufu huweza kuvunja bunduki mkononi mwako. Kwenye mfululizo, kazi kadhaa hufanyika kwa mvuto mmoja, na kila ganda unalitazama kwa sekunde chache tu.

Kwa hiyo anza na hatua moja. Fuata vipimo vya baruti vilivyochapishwa na watengenezaji, usitegemee kumbukumbu. Mkono wako ukishazoea uzito wa kila hatua, utahisi baadhi ya kasoro kabla hujaziona, na hapo mashine ya mfululizo itamfaa sana anayefyatua mamia ya risasi za bastola kila wiki. Ile ya kwanza usiiuze: risasi chache za bunduki ya masafa marefu, zinazotaka kufanana kabisa, bado zitaihitaji.